Ushuhuda Uliobandikwa Chupani

SEHEMU YA TISA

Harufu ile, msomaji, haikuwa ya panya aliyefia darini, kama Levi alivyotaka Wacuka aamini.

Ilitoka chini ya blanketi.

Wacuka alikuwa angali mlangoni pa chumba cha Mama Levi, huko Misikhu, palepale tulipomwacha juma lililopita: bahasha ya wakili mkononi, mkono wa pili juu ya kitasa, na Levi akimvuta kwa nyuma kwa ukosi wa koti.

"Si nimekuambia mayi amelala? Rudi kesho, madam."

"Kesho ni Jumamosi, Levi. Mwisho ni leo saa kumi na moja."

"Basi nipee hiyo karatasi nimpelekee."

"Niachie koti langu."

Alimwachia. Hakumwachia kwa heshima. Alimwachia kwa sababu sauti ilikuwa imesikika kutoka kitandani.

"Levi, huyo si mtoto wa Kitale? Mwache aingie. Na ufungue hiyo dirisha, nimechoka kuishi kama popo."

Asiyekuwa nasi tangu mwanzo na afahamu hivi. Wacuka, binti wa Mzee Muigai wa Kitale, pamoja na wanawake ishirini na watatu wa kikundi chao, hukausha thabai, yale majani yanayowasha ambayo bibi zetu waliyapika na mahindi. Huyasaga, wakayatia katika vidonge, wakavifunga katika chupa za kijani. Chupa elfu nne za kwanza kuuzwa Ulaya sasa zimezuiliwa katika bandari ya Hamburg.

Hazikuzuiliwa kwa uchafu wala kwa sumu. Zimezuiliwa kwa mstari mmoja wa maandishi katika lebo: "Nilipona sukari kabisa. Edinah Walubengo, Misikhu." Edinah huyo ndiye Mama Levi, ambaye mwanawe humwita mayi, yaani mama.

Huko, kirutubisho ni chakula, na chakula hakiruhusiwi kudai kwamba kinaponya ugonjwa. Mnunuzi wa Ujerumani alikuwa ametuma masharti ya kurasa kumi na nne. Wacuka aliyatimiza kwa bidii: kiasi cha kumeza kwa siku, onyo la kutozidisha, onyo kwamba vidonge si badala ya mlo, neno la kuweka mbali na watoto, yote kwa Kijerumani. Kisha, kwa kuwa Kitale mtu hanunui chupa isiyo na ushuhuda wa mtu anayejulikana, akauongeza ushuhuda kama pambo. Katazo lilikuwa katika ukurasa wa kumi na tatu. Yeye alikomea wa kumi na mbili.

Sitamtetea. Masharti yakiwa ya kurasa kumi na nne, husomwa zote kumi na nne.

Sasa wakili wa mnunuzi anataka waraka wenye sehemu mbili. Katika ya kwanza, Edinah mwenyewe ayaondoe maneno yake kwa sahihi, na aeleze anatumia dawa gani ya hospitali. Katika ya pili, Wacuka aseme kama yuko mtu aliyedhurika. Waraka ukifika kabla ya saa kumi na moja, chupa zitabandikwa lebo mpya. Usipofika, zitateketezwa, na mlango huo utafungwa kwa wanawake wote ishirini na watatu.

Wacuka aliingia.

"Bwana asifiwe, Mama Levi."

"Asifiwe milele. Umekonda, wewe. Kitale siku hizi hakuna ugali?"

"Mama, ni wewe umekonda."

"Mimi nimefunga. Naomba na kufunga."

"Umefunga na mguu unaoza?"

"Madam!" Levi alifoka.

Wacuka alikuwa amekwisha kulifunua blanketi. Aliona alichokiona, akalirudisha polepole, kama mtu anayemfunika mtoto asiamke.

"Tangu lini?"

"Ni msumari ya kiatu tu. Sasa ni mwezi wa pili."

Wacuka alikaa kwenye kigoda, akaufungua waraka juu ya goti. Akaishika kalamu.

"Hapa wanauliza unatumia dawa gani ya sukari. Niandike nini?"

"Andika hakuna."

"Hakuna tangu lini, Mama?"

Yule mama alitazama ukutani, ambapo kalenda ya kanisa ilining'inia.

"Tangu ile Jumapili."

Jumapili ile Wacuka aliikumbuka vizuri. Alikuwa kanisani na simu mkononi, akirekodi. Palikuwa na siku ya afya baada ya ibada. Sukari ya Edinah ilipimwa, ikaonekana nzuri ajabu. Ilikuwa nzuri kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa amejidunga insulini, kama alivyojidunga kila asubuhi kwa miaka tisa. Ila alikuwa pia amemeza thabai kwa wiki sita, na alijisikia mwepesi. Akasimama mbele ya watu, akashuhudia kwa moyo mweupe kwamba amepona.

Kanisa zima lilisimama. Juma lililofuata aliitwa Bungoma, katika mkutano wa akina mama, ashuhudie tena. Kisha Kimilili. Kisha Webuye.

"Sasa mimi ningeenda kliniki aje?" aliuliza, na halikuwa swali la mchezo. "Mtu ameshuhudia Jumapili, halafu Jumanne anaonekana kwa laini na kadi ya sukari kwa mkono? Mke wa pasta mwenyewe alinikumbatia. Na wewe, mtoto, ulilia. Si ulilia?"

"Nililia."

"Ningetoka hapo nijidunge? Si ni kama kuambia Mungu ni mwongo?"

"Kuna mtu alikuambia uache sindano?"

"Hakuna. Pasta hakusema. Wewe hukusema. Nani atasema? Mtu mwenyewe anajua."

Kando ya kitanda kilikuwepo chungu cha mchanga na maji, ambamo Edinah alihifadhi insulini yake kwa miaka yote hiyo, maana nyumba haikuwa na friji. Mchanga ulikuwa umekauka. Ndani yake zilisimama chupa tatu za kijani zenye jina lake mwenyewe.

Levi alikohoa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye shati safi, na ndiye aliyezitembeza chupa hizo katika Bungoma nzima. Alitoa kalamu mfukoni.

"Sikiza, madam. Tusisumbue mgonjwa. Mkono yake mimi naijua. Nasaini, unapiga picha, unatuma, chupa zinatoka. Halafu mayi tunampeleka Eldoret polepole, mahali hakuna mtu anamjua. Si hivyo?"



Tusimfanye malaika. Aliitazama ile kalamu kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili. Aliwafikiria wanawake waliochuma thabai kwa mikono iliyovimba, wakicheka, wakiitana majina, wakiuliza kama Wajerumani nao huwashwa.

"Levi," alisema hatimaye, "hii karatasi inauliza kama mamako ni mzima."

"Ndio nakuambia uandike ni mzima!"

"Levi." Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Nilikupeleka shule ujifunze kuandika jina lako ama jina langu?"

Kalamu ilirudi mfukoni.

Edinah alijisukuma kwa viwiko ili aketi. Alinyoosha mkono aipokee karatasi. Mkono ukabaki hewani. Macho yake yalimpita Wacuka, yakamwendea mtu mwingine nyuma yake.

"Walubengo," alisema kwa upole. "Umefunga ng'ombe? Mvua inakuja."

Nyuma ya Wacuka hapakuwa na mtu. Walubengo, mumewe, alizikwa miaka sita iliyopita, nyuma ya nyumba hiyohiyo.

"Mayi!" Levi alipiga magoti. "Mayi, ni mimi!"

"Mshike miguu," Wacuka aliamuru. "Huo mzuri, si huo! Mshike vizuri. Gari iko nje."

"Watu watamwona."

"Wamwone!"

Wakambeba mchana kweupe, mbele ya soko lote la Misikhu, mama yule ambaye picha yake ilikuwa imebandikwa katika vibanda vya soko hilohilo. Wanawake waliokuwa wakipanga nyanya waliinuka. Mmoja aliuliza, "Si huyo ndiye alipona?" Hakuna aliyemjibu.

Probox ya Wacuka iliondoka kwa vumbi kuelekea Lugulu.

Katika hospitali ya misheni hawakuuliza habari za ushuhuda. Walimpokea, wakamtundikia maji, wakampima. Daktari aliitwa Kipngetich, kijana mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala. Aliwaita Wacuka na Levi pembeni.

"Sukari imepita mahali mashine inaweza kusoma. Nani alikuwa anamwangalia?"

"Mimi," Levi alisema.

"Na hukuona huo mguu?"

Levi aliinamisha kichwa.

"Ule mguu hautangoja. Tunaukata leo, juu ya goti. Nahitaji sahihi ya mgonjwa, na kama hawezi, ya mtoto."

"Ataishi, daktari?"

"Niulize kesho."

Saa tisa na nusu, dawa ilipokuwa imemrudisha kidogo, Edinah alifungua macho, akaitambua wodi, akawatambua wote wawili. Alitabasamu kwa aibu, kama mwanafunzi aliyekamatwa nje ya uzio.

"Kumbe mmenileta."

"Tumekuleta, Mama."

"Watu waliona?"

"Waliona."

 Kisha akanyoosha kidole. "Karatasi iko wapi?"

Levi alimweleza habari ya mguu, akampa haraka ile fomu ya hospitali. Mama aliisukuma.

"Hiyo ya mguu utanisainia wewe. Ile nyingine ni yangu."

Wacuka alimwekea miwani. Edinah aliyasoma maneno yaliyotayarishwa na wakili, midomo ikichezacheza. "Ninaondoa kauli yangu kwa kuwa haikuwa na uthibitisho wa kisayansi."

"Nani aliongea hivi?"

"Wakili, Mama."

"Haya si maneno yangu. Futa. Andika yenye nitakuambia." Alifumba macho. "Andika: Sikupona. Sindano ndiyo ilikuwa inanishika. Hakuna mtu aliniambia niache. Niliacha kwa kuogopa watu, nikaita ile woga imani. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Alisomewa. Akaishika kalamu, akaandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja, jinsi alivyozoea kutia sahihi katika daftari la akina mama wa kanisa. Jasho lilimtoka. Alipomaliza, Levi alikuwa ametoka nje, na sauti ya kilio chake ilisikika kupitia dirishani, kilio cha mtu mzima asiyejua kulia.

Simu ya Wacuka iliita. Alikuwa Ndirangu, wakala wa mizigo huko Kitale, ndiye aliyemtafutia mnunuzi.

"Amesaini?"

"Amesaini."

"Asante Yesu! Piga picha, tuma sasa hivi. Sehemu ya pili weka 'hakuna'."

"Ndirangu, mguu wake unakatwa."

"Pole sana. Lakini mguu imeharibiwa na msumari na sukari, si thabai. Thabai ni mboga, bana! Cucu, bibi yangu, alikula hiyo kitu miaka tisini."

"Karatasi haiulizi hivyo. Inauliza kama kuna mtu amedhurika kwa bidhaa, au kwa maneno yaliyoandikwa juu yake."



"Imesema hivyo wapi?"

"Ukurasa wa pili, chini kabisa."

"Wacuka, sikiza. Hakuna Mjerumani atakuja Misikhu kuhesabu miguu. Ukiandika hiyo kitu, hata lebo mpya hawatataka. Utaambia wale wanawake nini?"

"Nitawaambia nilichoandika."

"Watakulaani."

"Mmoja wao ni mamangu. Ataanza yeye."

Akakata simu. Katika nafasi iliyoulizwa akaandika: "Ndiyo."

Msomaji mwenye haraka ya kumhukumu na alifikirie neno hilo. Lina herufi tano, na lilikuwa linazima kazi ya miaka mitatu. Wakaguzi wa bandari hawakuwepo kumtazama, na hakuna ambaye angejua. Sheria aliyoilalamikia tangu Jumatatu, akiiita ukali wa wazungu wasiotaka Mwafrika auze, ilikuwa ikimwuliza jambo ambalo yeye mwenyewe alipaswa kumwuliza Edinah miezi minane iliyopita, kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Chini ya neno hilo palikuwa na nafasi nyingine: idadi ya waliodhurika.

Alianza kuandika "mmoja".

"Usiandike moja," Edinah alisema.

Macho yake yalikuwa wazi. Wauguzi wawili walikuwa wamefika na kitanda cha magurudumu, wakasimama kungoja.

"Chukua simu yangu. Iko kwa leso. Angalia majina yenye iko na sukari."

Wacuka aliifungua ile simu ndogo ya vitufe. Majina yalikuwa yamehifadhiwa kwa uangalifu wa mtu anayependa watu wake: Chemtai Sukari. Gladwell Sukari. Mwalimu Sukari. Mama Junior Sukari. Alihesabu saba.

"Ni akina nani hawa?"

"Walinipigia baada ya Bungoma. Wengine walichukua namba kutoka kwa Levi, akiwauzia chupa. Kila mmoja aliniuliza swali moja: Mama, wewe uliacha sindano kweli? Nikasema kweli."

"Na wao waliacha?"

Wauguzi walimhamishia juu ya kitanda cha magurudumu, wakaanza kukisukuma. Edinah aliukamata ukingo wa kitanda chake cha zamani, akakizuia kile kipya kisiondoke.

"Sijui. Niliogopa kuuliza. Wewe uliza, mtoto. Uliza wote."

"Mama, lazima twende," muuguzi alisema.

"Nakuja, nakuja. Hata mguu wenyewe haukimbii." Wauguzi hawakujua kama walipaswa kucheka. Alimtazama Wacuka mara moja tu. "Waambie ni mimi nimesema warudie dawa. Usiseme ni daktari. Daktari hawatamsikiza."

Milango ya upasuaji ikafungwa.

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Wacuka alirudi wodini, akaketi kwenye kitanda kilichoachwa wazi, shuka likiwa bado na joto. Aliuweka waraka juu ya goti. Angeweza kuutuma sasa. Angeweza kuandika "mmoja", akawahi saa, akawa amesema ukweli aliouona kwa macho.

Akabonyeza jina la kwanza.

Simu iliita kwa muda. Mwanamume akapokea. Nyuma yake upepo wa Kapsokwony ulivuma, na pikipiki ilikuwa ikipanda mlima kwa kunguruma.

"Ehe."

"Shikamoo. Napiga kwa niaba ya Mama Levi wa Misikhu. Naomba kuongea na Chemtai."

"Wewe ni wa hiyo kanisa?"

"Hapana. Mimi ni—" Alitafuta neno la kujieleza, asilipate. "Mimi ndiye natengeneza zile chupa za kijani."

Pikipiki ilipita. Upepo ukabaki peke yake.

"Chemtai tulimzika," mwanamume alisema. Hakupandisha sauti. "Wiki tatu sasa. Alikuwa anasema huyo mama wa Misikhu atakuja kumwombea. Alitaka tumtandikie kitanda mzuri ya mgeni. Nikatandika. Mbona hamkukuja?"

Wacuka alifungua mdomo. Simu ilikuwa imekatwa.

Hakujua alikaa hivyo kwa muda gani. Aliutazama waraka, na ile nafasi ya idadi, na jinsi ilivyokuwa fupi. Aliyeichora hakutazamia ijazwe. Saa ya ukutani ilionyesha dakika ishirini na mbili kabla ya saa kumi na moja. Majina sita yalikuwa yamebaki, na nyuma ya kila jina, nyumba asiyoijua.

 Akabonyeza la pili. Gladwell Sukari.

Akaiweka simu sikioni, akangoja.

Ikaita. Lakini haikuita sikioni peke yake.

Iliita pia ndani ya wodi. Wimbo wa kwaya, mwembamba, kutoka kitanda cha pili karibu na mlango, alikolala mwanamke aliyegeukia ukuta, usingizini, tangu walipoingia. Mkono ulitoka chini ya blanketi, ukapapasa kabati, ukaiangusha glasi ya plastiki, ukaipata simu. Kwenye kitambaa cheupe cha mkono ule ulining'inia mrija wa maji ya dawa.

"Mama Levi!" Sauti ilisikika mara mbili, sikioni na hatua nane mbele yake, hafifu lakini yenye furaha. "Nilijua utanipigia. Usiwe na wasiwasi na mimi, mama. Hawa wamenileta hospitali kwa nguvu, lakini imani yangu iko palepale. Tembe zao sijameza hata moja. Naziweka chini ya mto."